Viumbe Wawili Wanaowaka na Mguu wa Shangazi

Bi Mwanatumu alinipigia simu baada ya swala ya alfajiri, na kwa kuwa yeye si mtu wa kupiga simu, nilijua kabla hajasema. Alisema Shangazi Mwanamkasi ametangulia mbele ya haki, kwamba atazikwa baada ya adhuhuri pale pale Mwabungo, na kwamba ameacha wasia mmoja unaonihusu. "Amesema maji yake ya kuoshewa uyapashe wewe. Si mwengine." Nilimwuliza kama hakusema zaidi ya hapo. Akasema, "Njoo kwanza, mwanangu. Mengine utayapata huku." Nilikaa kitandani na simu mkononi mpaka kioo chake kikazima. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, nimezika watu kadhaa, na sijawahi kuogopa maiti. Niliyaogopa yale maji.

Miaka mingine yote ya ujana wangu naweza kuieleza kwa sentensi chache. Huu mmoja sijaweza kuufupisha, ingawa nimejaribu mara nyingi, kwa maandishi na kwa kichwa tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikiishi kwa Shangazi, nimemaliza kidato cha nne bila alama za kunipeleka popote. Mtu mmoja wa bara, Mwalimu Mutua, alikuwa amepanga nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya mnazi wetu wa mwisho. Alikuja kwa mwaka mmoja kuchunguza viumbe vya baharini vinavyotoa mwanga, akahitaji mtu wa kubadilisha maji, kuandika vipimo na kutochoka. Nilifaa kwa sababu ya hilo la tatu. Hakuniuliza cheti. Alinipa daftari lenye mistari, penseli na kipimajoto cha kioo, akaniambia, "Mwanajuma, wewe andika tu kile umeona. Usiandike kile unafikiri. Hiyo ya kufikiri tutafanya baadaye." Ndiyo shule yangu yote ya sayansi, na hadi leo sijapata bora yake.

Viumbe vyenyewe vilikuwa viwili. Wa kwanza ni jamaa wa kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, lakini kiti cha pweza ni mnene na mzito, na huyu ana kitufe kidogo katikati, kama kifungo cha koti, na mikono mitano myembamba inayojipinda kama mikia ya mijusi. Hukaa chini ya mawe ya mwambani. Ukimshika vibaya hukuachia mkono mmoja na kwenda zake. Wa pili hana jina kwetu kwa sababu haonekani kwa jicho. Mwalimu aliwaita dinoflajelati. Sisi tunajua tu kwamba kuna nyakati maji ya bahari huwaka ukiyapiga kwa mguu, na hao ndio wanaoyawasha, maelfu kwa maelfu ndani ya kikombe kimoja. Huyu ni seli moja tu. Hana mdomo kama wetu, wala moyo, wala mshipa mmoja wa fahamu. Kazi yangu ilikuwa kuwalinganisha. Mwalimu alinichorea jedwali lenye safu mbili, kushoto mwenye mikono, kulia mwenye seli moja, na maswali yakishuka pembeni: rangi ya mwanga, muda wa mwanga, kinachouwasha, anachopoteza, kinachorudi.

Stoo ya nyumba ile ndiyo ilikuwa chumba chetu cha giza. Dirisha lilizibwa kwa mbao, mlangoni likaning'inizwa blanketi la kijivu lililonuka chumvi na panya. Wale wadogo hawawaki ila wakati wao wa usiku, hata ukiwafungia gizani mchana kutwa, basi Mwalimu aliwageuzia siku: taa yao iliwashwa jioni ikazimwa asubuhi, mpaka wakaamini kwamba saa nne ya mchana ni usiku wa manane. Tuliwadanganya wakakubali. Mimi nikaingia kila siku saa nne, nikaketi kwenye kigoda, nikangoja macho yazoee, kisha nikatikisa chupa. Mwanga wao ni wa buluu na ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Wa yule mwenye mikono ni wa kijani, hukimbia toka kitufeni hadi nchani, na ukimbana sana huacha mkono ukiendelea kuwaka peke yake huku mwenyewe akitambaa kwenda gizani. Adui hufuata mkono. Maji ya beseni lake niliyapima joto mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na alasiri, na nikiona yamepanda hata nyuzi moja nilikwenda mbio pwani na ndoo kuleta mengine. Nataka hili likumbukwe, la mara tatu kwa siku.

Nyumbani walinicheka. Shangazi na Bi Mwanatumu walikuwa wanawake wa pweza. Kila bamvua, maji yakitoka mbali, walikwenda mwambani na fimbo za chuma, kila mmoja na mashimo yake ya pweza anayoyajua kwa moyo na asiyomwonesha mwenziwe hata kwa kiapo. Walirudi wakaketi kwenye kizingiti cha jiko, miguu nje, wakimponda pweza juu ya jiwe na kuniponda mimi. "Msomi wetu ameajiriwa kuchunga vidudu," alisema Bi Mwanatumu. Shangazi akamjibu, "Mwache, bora yeye anachunga vidudu vya baharini. Wewe vyako viko kichwani." Wakacheka mpaka pweza akadondoka mchangani. Siku hizo tulikula pweza wa nazi na mihogo, Shangazi akijipakulia wali pembeni ingawa alikuwa amekatazwa, maana alikuwa na kisukari na vidonge alivimeza akivikumbuka. Nilimkumbusha. Alisema, "Nikivimeza vyote leo, kesho nitakumbuka nini?"

Siku moja Shangazi alichomwa na mwiba kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, mwambani, wala hakujua. Aliona damu kwenye mkeka. Kidonda kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, lakini kikakataa kufunga, na mguu wenyewe, alisema, umeingia ganzi, kama umevaa soksi. Kwetu kidonda kama hicho kina dawa moja inayojulikana na kila mtu: maji ya bahari. Hukausha. Na mguu wenye ganzi hukandwa kwa maji hayo yakiwa ya moto, mpaka damu itembee. Bi Mwanatumu ndiye aliyekuwa akimkanda, lakini wiki hiyo alikuwa kwa binti yake huko Bodo, kwa hiyo nikasema nitamkanda mimi. Nilileta maji kwa ndoo ile ile ya kazini. Nikayapasha kwenye sufuria juu ya mafiga, Shangazi akaketi kwenye kigoda na mguu ndani ya beseni, nikaufunika kwa kanga kuukuu ili mvuke usitoke, nikawa namimina kwa kata kidogo kidogo.

Namna yetu ya kukanda ni kwamba anayekandwa ndiye kipimo. Anayemimina haulizi maji, humwuliza mtu. Mwenye mguu akisema "bado," unaongeza. Akisema "basi," unaacha. Ndivyo walivyokandwa wazazi wote wa kijiji hiki na mabibi zao, na ni utaratibu mzuri, kwa sababu mguu hausemi uongo. Shangazi alisema bado. Nikaongeza kata moja. "Bado, mwanangu. Mbona baridi hivi? Au kuni zako zimelia msiba?" Nikaongeza. Mkono mmoja nilikuwa na kata na mwingine na daftari, kwa sababu vipimo vya siku ile havikuwa vimelingana na nilikuwa nikivipitia. Jikoni kulijaa moshi, sikuuona mvuke. "Ongeza, sisikii kitu." Nikamimina yaliyobaki. Kipimajoto kilikuwa mfukoni mwa gauni langu. Nilikisikia kikigonga paja langu kila nilipoinama.

Asubuhi yake malengelenge yalikuwa yametoka toka vidoleni hadi juu ya fundo la mguu, makubwa kama mayai ya njiwa, na pale yalipopasuka ngozi ilichunika kama ganda la nyanya iliyotiwa maji ya moto. Shangazi aliketi akiutazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine. Hakuwa na maumivu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Nililia mimi, yeye akawa ananifariji. Kisha akasema, nusu kwa mzaha, "Huenda ni hicho kidudu chako kinachowaka. Si ndoo ni ile ile? Kimeingia ndani ya maji kikaniunguza." Nilikuwa na daftari zima linalosema kwamba mwanga ule hauna joto. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe, kwa mkono wangu, zaidi ya mara moja. Nikasema, "Huenda, Shangazi."

Neno hilo moja ndilo lililouongoza mwaka uliobaki. Kwa siku kumi tuliupaka mguu asali, na utomvu wa mgomba, na dawa aliyoleta Bi Mwanatumu aliporudi. Bi Mwanatumu aliutazama kwa muda mrefu, akanitazama na mimi, akauliza, "Maji yalikuwaje?" Shangazi akamjibu kabla sijafungua kinywa, "Yalikuwa maji. Wewe ulitaka yawe uji?" Siku ya kumi na moja kidole gumba kiligeuka rangi ya mkaa. Tukampeleka hospitali, Msambweni. Tabibu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Aliufungua mguu, akasema huu umeungua kwa maji ya moto. "Nani alimtia kwenye maji haya?" Nilisimama nyuma ya kiti cha Shangazi nikiwa nimeshika kichupa cha asali. Miguu yangu mwenyewe niliacha kuisikia. Shangazi akasema, "Mimi mwenyewe, daktari. Nilikuwa peke yangu." Tabibu akaandika. Nilitazama kalamu yake ikiandika kitu ambacho hakikutokea, nikaiacha ikaandika mpaka mwisho wa mstari.

Walisema wakate vidole na sehemu ya mbele ya wayo, upesi, kabla kuoza hakujapanda. Shangazi alisema hapana. Hakupiga kelele, alifunga kanga yake, akasema hapana kama mtu anayekataa chai, na jioni tulikuwa Mwabungo. Ndipo zikaanza zile wiki za chumbani kwake. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, na dirisha dogo linalotazama kisima. Tulifukiza udi asubuhi na jioni, lakini harufu ya mguu ilikuwa na subira kuliko udi. Ilingoja udi uishe, ikarudi mahali pake. Nilijifunza kupumua kwa mdomo bila yeye kuona. Aliona. "Pumua, mwanangu," aliniambia siku moja nilipombadilishia kitambaa. "Pua ni yako, hujaiazima." Weusi ulikuwa ukipanda. Nilikuwa nikiupima kwa rula ya Mwalimu, kwa sababu ndicho nilichojua kufanya, na kila asubuhi nikaandika. Hakuna asubuhi hata moja iliyonipa nafuu.

Kila mtu alikuja kumsihi. Maalim wa chuo cha Kurani aliketi mlangoni, akamweleza kwa upole kwamba kuokoa nafsi kunatangulia, na kwamba kukata kiungo kwa ajili ya uhai kunajuzu. Alimsikiliza mpaka mwisho. "Najua yajuzu, Maalim," akasema. "Sikuuliza kama yajuzu." Bi Mwanatumu alijaribu kwa njia yao, ya matusi. "Mwanamkasi, wewe wataka kufa ili nisijue mashimo yako yaliko. Choyo hicho!" Shangazi akacheka, kisha akageukia ukutani. Nilimsikia akisema polepole, si kwa ajili yetu, "Mtu wa mguu mmoja atakwenda mwambani na nini? Mwamba wataka miwili." Nilitoka nje nikaketi nyuma ya kisima. Nilijua kwamba kama ningesema ukweli, angalau angekuwa na mtu wa kumkasirikia, na mwenye hasira huchagua kuishi. Ndivyo nilivyowaza. Nilijua pia kwamba nikisema, sitaweza tena kulala chini ya paa lile. Nikapima yote mawili, kama nilivyofunzwa, na nikachagua paa.

Kazini sikukosa siku. Watu wameniuliza niliwezaje, na jibu langu halinipendezi: kule ndani ya stoo ndiko mahali pekee ambapo niliuliza swali nikajibiwa. Niligusa, kiumbe kikawaka. Huyu wa seli moja hana mshipa wa fahamu hata mmoja, lakini maji yakimsukuma kidogo tu hujibu papo hapo. Yule mwenye mikono ana mishipa ingawa hana ubongo, na hujibu akibanwa. Na nyumbani kulikuwa na mguu wenye mishipa yote aliyoumbiwa binadamu, wenye juu yake kichwa chenye akili kuliko vyote nilivyovijua, na ulimiminiwa maji ya kuchemka ukasema bado. Siku moja, bila kukusudia, nilichora mstari mwingine kwenye jedwali, nikaanza safu ya tatu. Juu yake nikaandika, Mguu wa Sh. Kinachouwasha: hakuna. Anachopoteza: bado haijajulikana. Mwalimu Mutua aliikuta. Alisimama nayo karibu na mlango, penye mwanga. "Na hii ya tatu ni ya nini sasa, Mwanajuma?" Alikuwa amesikia habari za Shangazi kama kila mtu. Alirudisha daftari mezani taratibu, akasema, "Sawa. Wacha ikae," akaenda kuosha chupa ambazo zilikuwa safi.

Wiki ya tano Shangazi aliniita. Homa ilikuwa imeanza kumpanda na kushuka, na siku ile ilikuwa imeshuka. Alisema, "Nipeleke nikakione hicho kidudu kilichoniunguza. Sitaki kufa na adui nisiyemjua sura." Nilisema hawezi kutembea. Akasema hajaniambia atatembea. Bi Mwanatumu akaleta mkokoteni wa kubebea maji, tukautandikia godoro, tukamsukuma njia ile fupi mimi na yeye, saa nne ya mchana, jua kali, Shangazi akiwa amejifunika kanga hadi puani akiwapungia majirani mkono kama bibi harusi. Mwalimu alitufungulia, akasema shikamoo, akatoka nje kutuachia nafasi. Tulimketisha kwenye kigoda changu. Nikashusha blanketi. Giza likatukalia, na ndani ya giza harufu ya mguu ikawa kubwa kuliko chumba. Tulingoja macho yazoee. Nilisikia pumzi zao mbili na yangu.

Nilitikisa chupa. Ule mwanga wa buluu ukapita ndani ya maji na kuondoka. Bi Mwanatumu akasema, "Subhanallah." Shangazi alinyoosha mkono, nikampa chupa, akaitikisa mwenyewe, mara moja, mara mbili, akaibandika shavuni. "Mbona hakiunguzi?"

"Hakina moto, Shangazi. Ni mwanga mtupu."

"Hata wakiwa wengi?"

"Hata wakiwa wengi."

Akaitikisa tena, karibu na uso, na kwa muda wa nukta moja nikaona macho yake. Hayakuwa yakitazama chupa. "Basi tumemsingizia," akasema.

Hakusema nimemsingizia, wala umemsingizia. Nilifungua kinywa. Naweza kuapa kwamba nilifungua kinywa. Lakini Bi Mwanatumu akauliza mwanga huo unamfaa nini kidudu chenyewe, na mimi nikashukuru kuulizwa, nikajibu kama kasuku: kwamba huliwa na kidudu kikubwa kidogo kuliko yeye, na akiguswa huwaka, na samaki akiona mwanga huja kumla yule mlaji. Ni kama mtu anayepiga yowe mwizi akiwa ndani. "Na yeye mwenyewe hupona?" aliuliza Shangazi. Nikasema mara nyingine hupona, mara nyingi huwa tayari ameshikwa. Wanaopona ni wenziwe walio kando. Akaguna. Kisha nikamwonesha wa pili. Nilimbana kwa koleo, mikono yote ikakimbiwa na kijani, na mkono mmoja ukakatika. Ulibaki chini ya beseni ukijinyonga na kuwaka, ukijinyonga na kuwaka, na mwenyewe akawa anatambaa kwa mikono minne, ametulia, hana mwanga, mpaka akafika chini ya jiwe. Shangazi akainama juu ya beseni. Akaanza kucheka, kicheko chake kile cha kwenye kizingiti, ambacho sikuwa nimekisikia kwa mwezi mzima. "Mjinga huo mkono! Wadhani wenyewe ndio mwili."

"Utaota mwingine," nilisema. "Huchukua miezi."

"Wangu hautaota."

"Hautaota, Shangazi."

"Na huyu mdogo wa chupani, yeye hukata nini?"

"Hana cha kukata. Ni seli moja. Hana cha kutoa ila mwenyewe."

Ule mkono chini ya beseni uliwaka mara moja zaidi, hafifu, ukazima, tukawa hatuonani. "Mie ninacho cha kutoa," Shangazi akasema gizani. "Nipelekeni Msambweni."

Nimeandika kama kwamba hapo tulipata ushindi, na haikuwa hivyo. Wiki tano zilikuwa zimekwishafanya kazi yake. Tabibu yule wa sauti ya chini alisema siku ile ya kwanza ingalikuwa vidole na nusu ya wayo, na mtu angalitembea kwa kisigino. Sasa ni juu ya goti, na hawezi kuahidi hata hivyo. Nilihesabu toka kidoleni hadi juu ya goti. Kila sehemu ya mguu ule ilikuwa na siku zake katika daftari langu, na ningeweza kuonesha kwa kidole: hapa ni siku niliyoketi nyuma ya kisima, hapa ni siku aliyokuja Maalim. Walimkata asubuhi. Baada ya adhuhuri walinipa mguu, umefungwa kitambaa cheupe, ndani ya mfuko, kwa sababu kwetu kiungo hakitupwi. Sikutegemea uwe mzito vile. Niliupakata njia nzima hadi Mwabungo kama mtoto anayelala, na mtu aliyeketi karibu nami garini alinisogelea akaniuliza kama ni samaki. Mume wa Bi Mwanatumu alichimba, nikauweka mwenyewe, hatua kumi na saba kutoka kisimani kuelekea kibla. Niliziandika hatua hizo. Usiku ule nilikula wali nilioupika kwa ajili yake, nikatapika, nikala tena.

Hakufa. Siku tisa walitwambia atakufa, na hakufa. Aliporudi na magongo aliyaita majina ya wake wenza wawili waliowahi kumsumbua, akawa akiyatukana kila alipoteleza. Bamvua ya kwanza alijikokota hadi mwisho wa mchanga, akaketi, akamwita Bi Mwanatumu kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi Bongwe, akaanza kumwelekeza mashimo yake moja baada ya jingine kwa gongo: lile lenye jiwe kama kiti, lile la pili baada ya mfereji, lile lenye mdomo mwembamba. Bi Mwanatumu alikwenda kila alikoelekezwa, akainama, akarudi na pweza watano wakubwa, akamwekea Shangazi mapajani. Alikuwa analia, hakutaka tuone. "Kumbe miaka yote hii ulikuwa ukiniibia," akasema. Mwaka ukaisha. Mwalimu Mutua alifunga masanduku yake, akaniachia vitabu vitatu, kipimajoto na daftari. Kwenye nakala yake aliyoipeleka bara palikuwa na safu mbili tu. Kwenye yangu zipo tatu, na mahali palipoandikwa "anachopoteza" nilijaza siku hiyo aliyoondoka. Sasa natunza mafaili ya kliniki ya kisukari, na kila mgonjwa mpya namweleza, hata asipouliza, kwamba asiuamini tena mguu wake kuhusu joto la maji. Wengine hunishangaa nikisema kwa ukali. Miaka ishirini na moja niliishi nikimtembelea Shangazi kila Ijumaa, nikamletea sukari isiyo sukari na kanga na vichekesho vya kliniki, na sikumwambia. Kila Ijumaa nilifika na neno hilo mlangoni, na kila Ijumaa nikarudi nalo.

Nilipofika Mwabungo asubuhi ile wanaume walikuwa wakitandika mikeka chini ya turubai. Nilisema makiwa, nikaitikiwa, nikapitishwa nyuma. Kaburi lilikuwa likichimbwa hatua kumi na saba kutoka kisimani. Kumbe aliuliza mguu wake uko wapi, na kumbe nilimwambia. Chumba kilikuwa kile kile cha dirisha dogo. Alikuwa juu ya kitanda cha kuoshea, amefunikwa, mfupi upande mmoja. Bi Mwanatumu, mkongwe sasa na mgongo umepinda, alikuwa ameshaweka kila kitu: sanda, kafuri, majani ya mkunazi, ndoo ya maji ya kisimani, na mafiga nje ya mlango na sufuria juu yake. Maji ya maiti hayatakiwi kuwa baridi wala moto. Hutakiwa kuwa kama ya kumwogeshea mtu aliye hai, mtu anayehisi, ingawa mbele yako yupo asiyehisi kitu. Ndivyo sheria ilivyoamuru kabla hata sijazaliwa, na nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuisikia. Niliyapasha. Niliyaleta ndani kwa beseni, nikaliweka chini, nikasimama.

"Na mengine aliyosema?" nilimwuliza.

Bi Mwanatumu alikuwa akiikunja mikono ya gauni lake. "Jambo dogo tu, wala sikulielewa. Alisema, mwambie Mwanajuma safari hii atie mkono wake kwanza. Nikamwuliza maana yake nini, akacheka mpaka akakohoa. Wewe walielewa?"

Nilisema nalielewa. Niliketi chini karibu na beseni. Nikapandisha mkono wa gauni, nikatia mkono hadi kwenye kiwiko. Yalikuwa na moto kidogo. Nikaongeza kata moja ya baridi, nikakoroga, nikatia tena, nikangoja kwa muda wote uliohitajika, Bi Mwanatumu akiningojea bila kuniharakisha. Kisha, kwa kuwa mwenye mwili hakuweza kusema tena, nikasema mimi kwa niaba yake.

"Basi," nikasema. "Mimina."